Elfu Moja Isiyotimia

Logi ya namba, yaani kipeo ambacho kizio hupandishwa ili kuipata namba hiyo, ni jambo ambalo Henry Briggs wa Uingereza alikwisha kulituliza mwaka 1617, alipochapisha jedwali la logi za namba 1 hadi 1000 kwa tarakimu 14 za desimali, ambamo logi ya 1000 kwa kizio cha 10 ni 3 bila ubishi. Lugha ya programu iitwayo Python, iliyojaaliwa kompyuta badala ya kalamu ya unyoya, ikipewa swali lilelile kwa amri ya math.log(1000, 10) hujibu 2.9999999999999996. Sababu yenyewe ni ya heshima: amri hiyo hugawanya logi asilia ya 1000 kwa logi asilia ya 10, na kwa kuwa desimali za zote mbili hazina mwisho, hukadiriwa ili zienee katika nafasi 53 za 0 na 1 ambazo namba ya nukta elea, yaani namba ya desimali kama kompyuta inavyoihifadhi, imetengewa kwa tarakimu zake. Mtaalamu anayetafuta idadi ya tarakimu hukata desimali, huongeza 1, kisha hutangaza kwa kujiamini kwamba 1000 ina tarakimu tatu, dai ambalo muuza nyanya yeyote angelikanusha kabla ya kurudisha chenji. Kwa 125 na kizio cha 5, mashine hujirekebisha kwa kupitiliza: 3.0000000000000004. Amri ya math.log10, iliyoundwa makusudi kwa kizio cha 10, hutoa 3.0, nayo imo katika maktaba ileile, ikiwasubiri wasomaji wa maelezo.