Mheshimiwa na Koti la Mabati

Saluni iko Nkoma, Mbale, upande wa barabara ya Kumi, si mbali na lango la Chuo Kikuu cha Kiislamu. Umeme umekatika, kinyozi amefunga akaenda zake. Ndani wamebaki wanne. KALENDA ya 2026 ina picha ya Mheshimiwa, zawadi ya kampeni (kalenda za namna hii hutufikia mapema kuliko barabara tulizoahidiwa). KIOO ni mzee kuliko saluni yenyewe, kona yake moja imemeguka. KATUNI ni ukurasa wa gazeti la 2023 uliobandikwa kwa selotepu kuziba dirisha lililovunjika. Wa nne ni MJUSI, ambaye halipi kodi.

KALENDA: Nani atanieleza kwa nini mimi, Mheshimiwa, natundikwa chumba kimoja na karatasi ya kufungia chapati?

KATUNI: Shikamoo, Mheshimiwa. Haikuwa chapati. Ilikuwa kabalagala.

KALENDA: Shikamoo yako baki nayo! Kutwa nzima unanitazama. Pua gani hiyo? Tumbo gani hilo? Na hilo koti la mabati ndilo linanichefua kabisa. Mimi sikupokea hata bati moja, na niliyopokea yalikuwa ya kanisa!

MJUSI: Mzee, nani amesema ni wewe?

*(Kalenda inapepea kidogo, ingawa upepo hakuna.)*

KATUNI: Chini yangu hakuna jina. Kuna mtu mnene, pua yake imemtangulia, koti lake lina migongo ya bati na vifungo vyake ni misumari ya kuezekea. Basi. Mwaka ule mabati ya Karamoja yalipotea njia, yakaenda kwa wakubwa, na mawaziri watatu wakafikishwa mahakamani. Mchoraji gani angeacha kuchora bati?

KALENDA: Huko ni kunichafulia jina. Kuna sheria.

KIOO: Ipi, mwanangu? Ya uchochezi Mahakama ya Katiba iliifuta 2010, kesi ya Andrew Mwenda. Ya habari za uongo Mahakama ya Juu iliifuta Februari 2004, na mmoja wa walioshinda siku ile ni Charles Onyango-Obbo, mzaliwa wa hapahapa Mbale. Kifungu cha 25 cha sheria ya kompyuta, kile cha kuudhi watu mtandaoni, kilitupwa Januari 2023. Wateja husoma magazeti wakinyolewa mbele yangu, nami nasoma humohumo, ingawa kinyumenyume.

MJUSI: Lakini kabla hakijatupwa kilikuwa kimeshamla mtu, Bibi.

KIOO: Kweli. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa Desemba 2021 kwa maneno aliyoandika Twitter juu ya mtoto wa Rais, na unene ukiwemo. Mwaka uliofuata akaikimbia nchi, mgongo wake umejaa makovu aliyoyaonyesha kwenye televisheni. Huyo hakushika hata penseli.

KALENDA: Angechora sura ya mtu ilivyo, nani angemgusa? Nitazameni mimi. Hii ndiyo sanaa. Mtu kama alivyoumbwa.

KIOO: *(anacheka mpaka ufa wake unalia)* Wewe? Mwenye sura hiyo alikuja hapa wakati wa kampeni kunyolewa bure mbele ya wapiga picha. Alikaa kiti kile. Jua lilikuwa kali, mabati ya juu yakachemka, akaanza kutoka jasho. Kanta ya nywele ikamtiririka kipajini, mfereji mweusi mpaka kwenye kola. Kinyozi akaifuta kwa taulo, na taulo halikutakata tena. Nina sura yake yote kichwani: kidevu cha pili, jicho la kushoto linalochungulia nani ana kamera, kovu dogo chini ya sikio. Sasa niambie, kovu lako liko wapi?

KALENDA: Mpiga chapa alisafisha picha kidogo.

KATUNI: Alisafisha! Amekuondolea miaka kumi na tano na kilo ishirini, akakutia meno ambayo hakuna daktari Uganda aliyeyaona. Halafu mimi ndiye mtia chumvi. Sote wawili tunatia, Mheshimiwa. Tofauti ni kwamba wako alilipwa asikutazame, wangu alilazimika kukutazama wiki nzima.

KALENDA: Kwa hiyo unakiri ni mimi!

KATUNI: Nimekiri kwamba unajijua.

KALENDA: Haya ni mambo ya Wazungu. Sisi Waafrika tunaheshimu wakubwa.

KATUNI: Nyuma yangu kuna makala, selotepu imefunika nusu, lakini iliyobaki inatosha. Huko Italia walianza kina Annibale Carracci, mwishoni mwa karne ya 16, watu waliojua kuchora watakatifu wa makanisani na jioni wakachorana wenyewe kwa wenyewe kwa kuchekana. Bernini, aliyejengea mapapa makaburi na viwanja, alimchora Papa Innocent XI akiwa kitandani: kofia ya kipapa imemzidi, pua na kidevu vimebaki peke yao, mwili ni wa mdudu, na mkono uliokonda bado umeinuliwa kubariki. Mistari michache ya wino. Bernini hakuwa mhuni wa mitaani. Alikuwa mtu wa nyumbani kwao, na ndiyo maana aliweza.

KIOO: Na hilo la Waafrika na wakubwa tuachie wenyewe. Wamakonde wa Mueda na wa kusini mwa Tanzania wana vinyago vya mapiko vinavyovaliwa kichwani. Walipokuja wakoloni, wachongaji wakamchonga mkoloni, nywele zake na masharubu yake. Mchezaji akakivaa, akatembea mwendo wa bwana shauri mbele ya kijiji kizima. Hapo hakuna gazeti wala penseli, na kila mtu alijua ni nani.

MJUSI: Tuendelee na mimi nijue: kuna aliyewahi kufungwa kwa picha?

KATUNI: Ufaransa, 1831. Charles Philipon, mwenye jarida la *La Caricature*, alishtakiwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe. Kule mahakamani akaomba karatasi, akachora picha nne. Ya kwanza ni mfalme hasa, mashavu yamejaa chini, nywele zimechongoka juu. Ya pili mashavu yanashuka zaidi. Ya tatu macho na mdomo vinaanza kupotea. Ya nne ni peasi, tunda lao lenye umbo la parachichi. Akawauliza waheshimiwa majaji: ikiwa ya kwanza ni kosa kwa kuwa inafanana na mfalme, basi ya pili ni kosa kwa kuwa inafanana na ya kwanza, na ya tatu, na ya nne. Mtawafunga wote wanaochora matunda?

MJUSI: Wakamwachia?

KATUNI: Wakamfunga. Mchoraji mwenzake Daumier naye akafungwa 1832, kwa kumchora mfalme huyohuyo akiwa jitu limekaa kwenye kiti, fukara wanapanda ngazi kumtilia kodi mdomoni. Lakini peasi lilikuwa limeshatoka. Watoto wa Paris walilichora kwa chaki kwenye kuta. Mfalme alikuwa na jeshi, akawa hana la kulifanyia tunda.

KALENDA: Mnajifanya watetezi wa wanyonge. Sasa nisikilizeni, maana mwenye sura hii alisoma historia kabla hajaingia siasa. Jarida la *Punch* la London, Oktoba 1892: Uganda ni tembo mweupe, mwenyewe amemshindwa, anamsukumia serikali ya Uingereza. Aprili 1894: Uganda ni mtoto mchanga mweusi ametelekezwa mlangoni, John Bull, yaani Uingereza yenyewe, anatoka na kumkuta, anaona mzigo mwingine umemwangukia. Juni mwaka huohuo tukatangazwa himaya ya Waingereza. Nani alichekwa pale? Malkia wao?

*(Kimya. Hata Mjusi ameacha kutafuna.)*

KATUNI: Pale umenishika, Mheshimiwa.

KIOO: Mshike zaidi. Rwanda, 1990, likaanzishwa gazeti la *Kangura*. Nalo lilikuwa na katuni. Liliwachora Watutsi kwa chuki mwezi baada ya mwezi, watu wakazoea kucheka, na 1994 mnaijua. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alitiwa hatiani na mahakama ya Arusha Desemba 2003. Kalamu yako, kijana, si ya malaika.

KATUNI: Sikatai, Bibi. Lakini tazama mtoto yule wa *Punch*. Ana sura ya nani? Hana. John Bull ana tumbo lake, kofia yake, viatu vyake, msomaji wa London anamjua kama jirani. Mtoto ni weusi tu umetiwa macho. Wa *Kangura* vilevile: hakumchora mtu, alichora kabila zima kwa pua moja. Aliyenichora mimi alikaa akaangalia mtu mmoja, kazi yake, mshahara wake na koti lake. Katuni isiyojua ni nani inayemchora ni tusi, hata ikichorwa kwa ustadi.

KALENDA: Maneno matamu. Mimi nawaambia dawa yenu siku hizi si jela. Ni mkataba.

KATUNI: Hilo nalo ni kweli, na mmejifunza haraka. Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam 1969, alichorea *Nation* ya Nairobi tangu 1992. Uhuru Kenyatta na William Ruto walipokuwa na kesi kule The Hague, aliwachora na mnyororo mguuni na tufe la chuma likiwaburuza. Wakacheza mpira, tufe lipo. Wakahutubia taifa, tufe lipo. Mpaka msomaji akimwona mkubwa kwenye televisheni anatazama miguuni. Januari 2015 akamchora Rais Kikwete katika *The EastAfrican*, na mwezi huohuo gazeti likapigwa marufuku Tanzania. Mwaka 2016 mkataba wake na *Nation* haukuendelea. Hakuna aliyemvunja mkono.

MJUSI: Akaacha?

KATUNI: Aache wapi! Alikuwa ameshaanzisha *The XYZ Show* 2009, wanasiasa wa mpira wenye vichwa vikubwa, wanazungumza kwenye televisheni. Na hapa kwetu Jimmy Spire Ssentongo, mwalimu wa falsafa anayechorea *The Observer*, Aprili 2023 aliweka penseli chini akawaambia wananchi wapige picha za mashimo ya barabarani wazirushe mtandaoni. Mashimo yenyewe yakawa katuni. Haikupita muda fedha za barabara za Kampala zikaagizwa zitoke.

KALENDA: Za Kampala. Hapa Nkoma shimo lililo mbele ya saluni hii lina umri wa mtoto wa darasa la tatu.

KIOO: Hilo lako, Mheshimiwa. Limeandikwa kwenye manifesto yako, chini ya Agosti. Nalisoma kila siku kinyumenyume.

KALENDA: Basi! Kesho kinyozi akifungua, mimi au karatasi hii. Mmoja aondoke. Wewe Mjusi, unatembea kuta zote, amua.

MJUSI: Mzee, mimi sina chama. Nakwambia ninachokiona. Wateja wakiingia hukutazama wewe kwanza, kweli kabisa, wanatafuta tarehe. Huyu wa dirishani hutazamwa wakati wa kutoka, na hakuna aliyetoka bila kutaja jina lako. Watoto wa jirani wameshamchora kwa mkaa ukutani huko nje, koti na vifungo vyote, na kinyozi ameacha kufuta kwa sababu wanarudia. Karatasi hii ikiondolewa mvua itaingia dirishani. Wewe ukifika Januari utafunika daftari la hesabu la binti wa kinyozi, picha ndani, upande mweupe nje.