Sifa za Bwana Unyevu

Bwana Unyevu wa Pwani hajapata mtu wa kumsifu. Mafundi wa printa za 3D, hasa wale wanaosaga chupa za maji na kujitengenezea nyumbani filamenti, ule uzi wa plastiki wa kulisha printa, humtaja kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyabeba. Leo namtetea. Anayefanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi, bila mshahara wala likizo, hastahili matusi.

Tuanze na nasaba yake, kama ilivyo ada. Chupa ya maji ni PET, plastiki ambayo Whinfield na Dickson waliivumbua Uingereza mwaka 1941. Ni minyororo mirefu ya molekuli, na kwa njia inayotumika zaidi viwandani leo, kila kiungo kinapofungwa, molekuli ya maji hutolewa nje. Yaani Unyevu alikuwa mwenyeji humo, akafukuzwa siku ile ile plastiki ilipozaliwa. Sasa fundi anapovipasha vipande vya chupa hadi digrii 260 hivi, huyu mwenyeji anarudi. Molekuli moja ya maji hukata mnyororo mahali pamoja, na hapo pakarudi kama palivyokuwa kabla ya ndoa. Tumwite mharibifu? Ni mrithi anayedai chumba chake.

Halafu tazameni alivyo na kiasi. Viwanda vya PET hutaka maji yasizidi sehemu 50 kwa milioni kabla ya kuyeyusha. Kwa kilo moja ya vipande, hiyo ni gramu 0.05: tone moja. Nani mwingine kati yetu anaweza kuangusha kazi ya siku nzima kwa tone moja? Akizidi hapo, plastiki iliyopaswa kutoka nzito kwenye mdomo wa mashine hutiririka kama uji wa mgonjwa, na filamenti ikipoa hukatika ukiikunja tu.

Ni msanii pia. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ujazo zaidi ya mara 1,600, kwa hiyo filamenti iliyotakiwa kuwa na milimita 1.75 toka mwanzo hadi mwisho hupata vipovu, huvimba hapa na kukonda pale. Ukiitia kwenye printa utasikia pa! pa! kwenye nozeli, na kikombe ulichokuwa ukikichapa kitaota ndevu. Mnunuzi wa filamenti ya dukani, iliyofungwa vyema kwenye mfuko, hunyimwa tamasha hili.

Sifa yake kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni kuumbua uvivu. Kuna fundi anayeosha chupa, anazianika juani, anazigusa, anasema zimekauka. Zimekauka juu. Unyevu mwenyewe amezama ndani ya plastiki, na kidole hakimfikii. Tena fundi huyo huyo, filamenti ikitoka kwenye mashine, huipitisha kwenye karai la maji ili ipoe, kisha anaiviringisha ingali na majimaji. Feni ingetosha. Lakini ukarimu ni ukarimu, na mgeni aliyealikwa mara mbili atakataaje?

Maadui zake wapo, na haki inanitaka niwataje. Wa kwanza ni oveni ya digrii 160 kwa saa nne au zaidi, oveni isiyopikiwa chakula tena. Kiwandani hewa yenyewe hukaushwa kwanza, jambo ambalo jiko la Kariakoo haliliwezi. Hata huko kwenye oveni Unyevu ana wapambe: shingo na kitako cha chupa, ambavyo havikunyooshwa kiwandani kama ubavu, hulainika na kugandana kabla ya kugeuka vyeupe, na asiyekoroga hutoa mkate badala ya vipande. Wanaofanikiwa huvitia kwenye mashine vikiwa moto bado. Ukiviacha vipoe huku ukinywa chai, Bwana mkubwa atakuwa amesharudi.

Oveni kali hivyo si ya kila plastiki ya printa. PLA ni mtoto mwororo, hulainika kwenye digrii 60, basi hukaushwa kwa 50 kwa saa kadhaa. Nailoni ndiye rafiki wa Unyevu wa kufa na kuzikana: kuna aina zinazoweza kubeba maji hadi asilimia 9 ya uzito wake.

(Wapo pia wajanja wanaochana chupa kuwa utepe mmoja mrefu na kuuvuta kwenye nozeli ya moto ujikunje bila kuyeyuka kabisa. Joto ni dogo, muda ni mfupi, na Unyevu hapati nafasi ya kutosha kuonyesha kipaji chake. Siwapendi.)

Adui wa mwisho ni ndoo yenye mfuniko wa kubana, filamenti ndani, na vifuko vya silika jeli pembeni kama walinzi. Walinzi hawa huvaa rangi ya chungwa wakiwa kazini. Wakishashiba maji hugeuka kijani, na kuanzia hapo hawamzuii mtu. Dawa yao ni kuwapeleka kwenye oveni, digrii 120, mpaka wamtapike Unyevu wote waliommeza. Naye hutoka taratibu kwa mlango wa oveni, akaenea chumbani, pale pale kwenye meza ambapo fundi ameanika vipande vya kesho, bila kuvifunika.