Mwongozo wa Deiwaka Mpya: Namna ya Kuvunjika Vizuri Kiwandani

Ukishuka Maili Moja alfajiri kutafuta bodaboda ya Zegereni, au ukitokea Gongo la Mboto kwenda Visegese kule Kisarawe, hakikisha umevaa kandambili. Buti za chuma zipo stoo, usiwe na haraka nazo. Utazivaa siku wakaguzi wa usalama kazini wa OSHA watakapokuja, pamoja na kofia ngumu ambayo jioni utairudisha ikiwa bado na nailoni yake. Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 inasema vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri, na mwajiri kweli anavyo. Amevifungia.

Getini kuna daftari. Ukiambiwa uingie kwa jina la jamaa ambaye leo hakuja, shukuru uingie. Faida yake utaiona mbele ya safari.

Sasa foklifti. Opereta ni yule aliyeachiwa funguo. Jana alikuwa anaendesha bajaji. Usidharau mashine kwa ufupi wake: inayobeba tani 3 yenyewe ina uzito unaozidi tani 4, na sehemu kubwa ya chuma hicho iko nyuma. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo pua ikigeuka taratibu, mkia unafagia. Basi simama palepale nyuma, kati ya mkia na ukuta, uangalie simu. King'ora cha rivasi kilikufa mwaka juzi, hakitakusumbua.

Taa ikiungua juu ya rafu, ngazi ya nini? Panda kwenye paleti, mwambie opereta akuinue. Mzigo ukiwa juu mashine hupoteza utulivu, shimo dogo tu la sakafuni linatosha kuilaza. Na siku ukikalia usukani mwenyewe ikaanza kulala, ruka. Wanaobaki kitini, wamefunga mkanda na kushikilia usukani, mara nyingi hutoka na michubuko. Wanaoruka huangukiwa na paa la mashine yenyewe. Kwa hiyo ruka.

Mwenye tamaa zaidi aende Kwala, ambako Rais Samia alizindua bandari kavu Julai 31, 2025. Kule mashine huinua kontena zima.

Ukishaumia, utaona upendo. Fomen mwenyewe atakupakia kwenye Noah hadi hospitali ya Tumbi, na njiani atakunong'oneza: "Mdogo wangu, tukisema kazini watatusumbua wote. Sema umeanguka na bodaboda. Mimi nipo." Atakupa elfu hamsini na soda baridi. Wewe itikia tu, maana maneno hayo yataandikwa kwenye fomu ya polisi, PF3, na PF3 ina kumbukumbu nzuri kuliko fomen. Kama mfupa umekataa, utapelekwa taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili, nako utasimulia bodaboda ileile. Usisahau ilikuwa rangi gani.

Zamani hapakuwa na haja ya ujanja wote huu. Chini ya sheria ya kikoloni, fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000. Mtu alikuwa anapoteza mkono na nauli juu. Tangu Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeharibu mambo. Mwajiri sasa anachangia asilimia 0.5 ya mshahara, mfanyakazi hakatwi hata senti, na aliyelala kitandani kwa ajali ya kazini anaweza kulipwa asilimia 70 ya mshahara wake hadi miezi 24. Mbaya zaidi, hata aliyeajiriwa kwa mdomo, anayelipwa kwa siku au kwa kipande, anahesabika kuwa mfanyakazi.

Lakini wewe uliingia kwa jina la jamaa, ukaangushwa na bodaboda. Ukae nyumbani utulie: taarifa ya ajali isipotolewa ndani ya miezi 12, haki ya kudai inapotea. Katika muda huo fomen atapiga simu mara kwa mara, atauliza mguu unaendeleaje, atatuma vocha. Mwezi wa kumi na tatu hatapiga.