Namna ya Kuwa Bingwa wa Vipepeo Bila Kuchafua Viatu

Kuna kazi ambayo ukiitaja tu, watu hunyamaza kwa heshima: mtafiti wa vipepeo. Hakuna anayejua analipwa nini, ila kila mtu anajua ana kofia nzuri. Kazi hii inakufaa. Anzia Nyabusozi, wilayani Biharamulo, fuata hatua hizi, na muda si mrefu utakuwa unashusha nondo kwenye makongamano.

Hatua ya 1: Chagua wanaoonekana. Vipepeo na nondo kwa pamoja wana spishi zipatazo 160,000 zilizokwisha kupewa majina, na takribani tisa katika kila kumi ni nondo. Nondo wengi huruka usiku. Hao wanataka utundike shuka jeupe, uwashe taa, ukeshe na mbu. Waachie wenye njaa ya elimu. Kipepeo wa mchana husubiri jua limpashe mwili ndipo aruke, kwa hiyo mtaamka pamoja na chai utakuwa umeshakunywa.

Hatua ya 2: Usiiache lami. Watakuja wa kukushauri uende Msitu wa Minziro, kule Missenyi mpakani na Uganda, ambako zaidi ya spishi 600 za vipepeo zimeorodheshwa. Wasikuponze. Minziro hujaa maji, na maji hayajali shahada ya mtu. Wewe shika barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo. Simamisha gari, shuka, pitisha wavu mara mbili, panda. Mwisho wa msimu chora ramani ya mahali vipepeo wanapoishi. Itafanana kabisa na ramani ya barabara za TANROADS, na hakuna atakayekusema, maana wengi waliokutangulia walichora hivyohivyo.

Hatua ya 3: Usikimbie. Mtu mzima anayemkimbiza kipepeo hupoteza heshima kabla ya kumpoteza kipepeo. Wale wenye mbio hasa, jamii ya Charaxes, hawana haja na maua, wanapenda vilivyooza. Na Kagera utakosaje ndizi? Chukua zilizoiva zikapitiliza, ziponde, mwagia rubisi, funika kwenye ndoo siku mbili tatu, mpaka mwenye nyumba aanze kukuuliza unaondoka lini. Tundika mtini mfuko mrefu wa chandarua, uliofungwa juu na kuachwa wazi chini, na chini yake ning'iniza kisahani chenye ule mchanganyiko. Kipepeo huingia kwa chini, hunywa, na akishalewa huruka kwenda juu, amesahau mlango ulikuwa wapi. Utamtoa kwa vidole. Kwenye ripoti ya mfadhili andika kwamba ulimfukuzia bondeni kutwa nzima.

Hatua ya 4: Gundua kitu kipya, hata kama ni cha zamani. Ila usipake rangi. Mwaka 1702 Mwingereza William Charlton alimpelekea mkusanyaji James Petiver kipepeo wa njano mwenye madoa meusi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Linnaeus mwenyewe, baba wa majina ya kisayansi, akaingia mkenge na kumpa jina. Mwaka 1793 mtaalamu wa wadudu Fabricius akamkagua kwa makini, akakuta madoa yamepakwa kwa mkono. Karibu karne nzima ya sifa kwa vitone vichache si haba, lakini siku hizi watapima vinasaba kabla hujamaliza kupokea pongezi.

Njia salama ni kugawa spishi moja ziwe nyingi. Mtazame Papilio dardanus: dume ana mikia kwenye mabawa, ilhali majike wengi wa Afrika hawana, na wamevaa sare za vipepeo wengine ambao ndege huwakwepa kwa sumu yao. Wataalamu wa zamani walidhani hao ni spishi mbalimbali, wakawapa kila mmoja jina lake, hadi Roland Trimen wa Cape Town alipoonyesha katika miaka ya 1860 kwamba ni mume na wake zake. Walikosea, lakini majina yao yamo vitabuni. Umeona faida?

Hatua ya 5: Linda jina lako. Kanuni za kimataifa hazikukatazi kumwita kipepeo kwa jina lako mwenyewe, ila wenzako watakucheka mpaka matangani. Mpe jina la rafiki. Rafiki naye, kama ana adabu, atakulipa. Kuhusu vijana wa kijiji waliowakamata hao vipepeo, wanunulie soda. Kwenye lebo, mahali pa mkusanyaji, pana nafasi ndogo sana. Jina la nani litaandikwa hapo, sina haja ya kukufundisha.

Hatua ya 6: Mkwepe mkulima. Hii ndiyo hatari kubwa ya kazi. Utampita mama mmoja shambani, utamwamkia, naye ataitika: "Marahaba mwanangu. Si ndiye wewe wa wadudu? Hebu njoo unionee haya mahindi." Usiende. Ukifunua majani machanga ya katikati utamkuta kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Ni kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016 na kubisha hodi Tanzania mwaka uliofuata. Akikua huwa nondo wa rangi ya majivu, asiyefaa kwa kalenda, anayeweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja. Mjibu mama kwamba wewe ni wa vipepeo tu.

Maana ukiinama mara moja, umekwisha. Kesho watakuja majirani watatu, keshokutwa mtendaji wa kijiji. Utajikuta unahesabu viwavi mstari kwa mstari, viatu vimejaa tope, huna spishi mpya wala kongamano, na mahindi ya watu yanapona. Usije ukasema sikukuonya.