Niliyasoma Kama Yalivyoandikwa

Jumamosi iliyopita mama mmoja alininyang'anya maikrofoni mbele ya ukumbi mzima, na alama ya kucha yake ingalipo kwenye kidole changu gumba. Yalikuwa mahafali ya chekechea. Watoto wamevaa majoho, kofia zimewafunika hadi masikioni, spika zinakoroma, na mshereheshaji kakwama kwenye foleni Mbagala. Wifi yangu, ambaye yumo kwenye kamati ya wazazi, akanichomoa kwenye kiti. "Wifi, si wewe kazi yako maandishi? Waite tu majina, waje wachukue vyeti."

Nikaita. Neema akaja, Ibrahimu akaja. Wa tatu kwenye karatasi alikuwa Jayden, nami nikaita, "Jaideni!" Kimya. Nikarudia kwa kuvuta: "Ja-i-de-ni!" Safu ya nyuma akasimama baba mmoja, akaniangalia kama mtu anayeangalia luku iliyokataa tokeni. "Jeideni, dada," akasema. Haya. Jeideni akaja, analia. Anayefuata: Chloe.

Hapa naomba nisikilizwe. Chloe, kwa mtu aliyefundishwa kusoma na mwalimu mwenye fimbo, ni chi-lo-e, na ndivyo nilivyotamka. Ila ile maikrofoni ilikuwa na kigugumizi chake, ikameza i na l za katikati. Kilichotokea kwenye spika kilikuwa "Choo... e!" Mtoto mmoja wa mbele akadaka, "Choo!", na wenzake wote wenye majoho wakapokea: choo, choo, choo. Mwalimu msaidizi, aliyekuwa mlangoni akipanga soda, akadhani wamebanwa. Akawashika wawili mkono, akawapeleka kweli. Wa tatu akafuata mwenyewe, kofia mkononi.

Ndipo mama mwenye mtoto aliponifikia. "Ni Kloi!" akawatangazia wageni waalikwa. "Kloi! Jina la Kigiriki!"

La Kigiriki, sikatai. Limo hata kwenye Biblia, Wakorintho wa Kwanza, sura ya kwanza: watu wa nyumba ya mama mwenye jina hilo ndio waliompelekea Paulo habari za ugomvi kanisani. Lakini waliotutafsiria Biblia waliliandika Kloe, kwa K, na sijawahi kusikia msomaji wa zamu aliyepeleka waumini chooni.

Kiswahili kimetufanyia ukarimu ambao tumeuzoea hadi hatuuoni. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilituachia maandishi ambamo kila irabu ina sauti yake moja, Q na X hazina kazi, na C haitembei bila H. Ukishaimba ba be bi bo bu ukamaliza, unasoma neno usilolijua, na jina la kijiji usichowahi kukanyaga, na unapatia. Mpe mtoto wa darasa la pili karatasi ya maelezo ya dawa: haelewi hata mstari, lakini atakusomea yote. Sasa mpe mgeni jina la mji wa Uingereza unaoandikwa Leicester. Herufi tisa, na zikishatamkwa zinabaki "Lesta". Huwezi kujua mpaka uambiwe. Mzazi wa Kimara anapoandika Chloe kwenye orodha ya chekechea, anamtoa mtoto kwenye lugha ya kusoma anamtia kwenye lugha ya kuambiwa, na kazi ya kuwaambia watu ni ya mtoto, kila muhula, kila zahanati, hadi azeeke.

Rai yangu, iliyofanya kundi la ukoo la WhatsApp linyamaze siku nzima, ni kwamba kama jina umelipenda, liandike unavyolitamka. Jeideni. Kloi. Brayani. Nimeambiwa huo ni ushamba. Lakini wazee wa pwani walimpokea Uthman wakamwandika Athumani, wakampokea Sulayman akawa Selemani, na hakuna Athumani ninayemfahamu anayelala njaa kwa ajili hiyo.

Mtaa wenyewe hausubiri ruhusa. Jina la mtoto wa kwanza kwetu huvaliwa na mama yake, kwa hiyo muuza mchicha ndiye mwenye usemi wa mwisho. Mama yake Jayden, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu, sasa ni Mama Jei kwa vijana wa bodaboda na Mama Jadini kwa bibi wa vitumbua. Anaitika kote, maana vitumbua ni vizuri.

Na mkasi wa mtaa una ustadi wake; mimi huukalia kibarazani nikausikiliza. Selemani hukatwa mkia akabaki Sele, Ramadhani akabaki Rama. Abdallah hukatwa kichwa akawa Dulla, Khadija akawa Dija. Mohamedi huchomolewa katikati, akatokea Mudi. Popote pakatwapo, kinachobaki ni silabi mbili. Moja haitoshi kuvuka barabara, tatu zinachosha pumzi, mbili unaipiga ya kwanza na kuivuta ya pili mpaka upande wa pili wa uwanja: Seleeee! Hakuna aliyefundishwa, na hakuna anayekosea. Ndiyo maana nakereka na kadi za mwaliko zinazokuja na jina la utani limeshachapwa kwa wino wa dhahabu, mtoto mwenyewe hana hata jino. Jina la utani mzazi hana haki nalo. Ali Hassan Mwinyi hakuzaliwa Mzee Ruksa. Nchi ilimwangalia anavyofungua milango, ikamwita. Nyerere naye nyumbani Butiama alipewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, inasemekana kwa sababu siku aliyozaliwa ilinyesha. Mchonga aliitwa na watu waliomtazama meno.

Mengine nitayapitisha haraka kabla sijatengwa. Tabu, Shida na Mashaka ni majina mazuri: namfahamu Shida mwenye nyumba za kupangisha, na Lucky anayedaiwa kodi katika mojawapo. Kulwa na Doto wasiguswe. Mtoto wa kike aliyezaliwa Ijumaa anaweza kuitwa Mwajuma na asife. Wanaounganisha jina la baba na la mama wapate jipya, wangesubiri kwanza ndoa ifike miaka kumi.

Wala siombi serikali iingilie. Mobutu alijaribu mwaka 1972, akawapigia Wazaire marufuku majina ya Kizungu, naye akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, jina lisiloenea kwenye visanduku vya fomu yoyote ninayoijua.

Kwenye fomu ndiko kicheko kinaponiishia. Mtoto wa kaka yangu anaitwa Nasra. Kaka hakuomba jina la kipekee, alitaka Nasra. Aliyeandika tangazo la kizazi pale alipozaliwa akaongeza h mwishoni, labda kwa kupendezesha, na cheti cha kuzaliwa kikafuata tangazo. Shuleni mwalimu akamwandika alivyomsikia, bila h, na cheti cha kidato cha nne kikafuata shule. Binti anapeleka maombi ya chuo, anaambiwa aliyezaliwa ni mtu mmoja na aliyefaulu ni mtu mwingine. Nenda kwa wakili ule kiapo, piga muhuri, rudi. Kiapo hakijataja jina la babu, rudi tena. Dirishani karani akamwuliza kaka, bila hata kuinua macho, "Hii h mliitoa wapi?" Kana kwamba tuliikuta barabarani tukaiokota. Aliyeiandika hakuulizwa kitu. Nauli, wakili na picha za pasipoti vilitoka kwenye cherehani ya marehemu mama, aliyotuachia ikiwa na mguu wake na droo zake zote, ikauzwa kwa jirani kwa bei ya mtu mwenye haraka. Muhula ulikwisha kuanza. Alisoma mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mtu akiniambia herufi ya ziada ni urembo, nataka nijue nani ataulipia.

Wifi yangu mwingine, mke wa mdogo wetu wa mwisho, anakaribia kujifungua. Kwetu shangazi ndiye aliyekuwa akitoa jina. Alikuwa anakaribishwa chai, anaulizwa, anajifanya kufikiri. Juzi nimetumiwa jina likiwa tayari, lina Q, lina mkato hewani kati ya herufi mbili, na chini yake swali moja tu kwa ajili yangu: gauni la sare navaa saizi gani.