Jinsi ya Kubishana Kuhusu Bondia Mwenye Majigambo: Mwongozo kwa Mashabiki wa Navakholo

Pambano kubwa la ndondi likishatangazwa, Navakholo ndiyo hupigana kwanza. Wiki mbili kabla ya kengele kulia, steji ya bodaboda imeshagawanyika, kinyozi ananyoa huku akitetea upande wake, na mama wa mandazi amewaamuru wateja walipe kwanza ndipo wabishane. Bondia mwenyewe akiwa mtu wa majigambo, yule anayetaja raundi atakayomlaza mwenzake na kuibatiza ngumi yake jina, hapo habaki mtu katikati. Kuna wanaompenda kama ndugu wa tumbo moja, na kuna wasiotaka hata kuisikia sauti yake kwenye simu ya jirani.

Ubishi huu ni mali yetu. Hauna kiingilio, hauhitaji umeme, na umewahi kuwakalisha kwenye benchi moja watu ambao uchaguzi ulikuwa umewatenganisha. Lakini ni mali inayoharibika upesi ikikosa utunzaji. Zifuatazo ni hatua 8 za kuutunza. Zisome zote, halafu nenda stejini.

1. Chagua upande, na useme sababu yako ya kweli

Tuchukue mfano tunaoujua wote: Karim Mandonga, Mtanzania wa Morogoro anayejiita Mtu Kazi. Alipokuja Nairobi kupambana na Daniel Wanyonyi katika ukumbi wa KICC, Januari 14, 2023, alitangaza kwamba amebeba ngumi iitwayo Sugunyo, na kwamba asili yake ni Ukraine. Nchi nzima ikaanza kuitaja ngumi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Watoto wa shule walirushiana Sugunyo njiani, na Wakenya wengi walijikuta wanamshangilia mgeni dhidi ya mwenyeji.

Huku magharibi hali ilikuwa na uzito wake. Jina Wanyonyi limejaa Kakamega na Bungoma. Ukiliita kwa sauti sokoni siku ya soko, watageuka watu kadhaa. Kama ulimshabikia kwa sababu ya jina, sema hivyo bila haya. Sababu hiyo ni halali kabisa, na wengine wetu tumeishabikia AFC Leopards miaka yote kwa sababu isiyozidi hiyo. Na kama ulimpenda Mandonga kwa sababu alikuchekesha, sema pia. Kinachoharibu ubishi ni mtu aliyevutwa na jina au kicheko kuanza kueleza eti alichunguza kazi ya miguu na urefu wa mikono.

2. Mdomo nao ni kazi. Upe haki yake

Kosa kubwa la wapinzani wa bondia wa aina hii ni kudhani kwamba anayesema sana hajui kupigana. Historia haiwaungi mkono. Muhammad Ali, alipokuwa bado Cassius Clay, alikutana mwaka 1961 mjini Las Vegas na mwanamieleka aliyeitwa Gorgeous George. Aliona jinsi yule bwana anavyojisifu, na jinsi ukumbi unavyojaa watu waliolipa ili wamshuhudie akipigwa. Kijana akajifunza. Februari 25, 1964, akiwa na miaka 22, alipanda ulingoni dhidi ya Sonny Liston huku wacheza kamari wakimpa Liston nafasi ya 7 kwa 1. Alikuwa amepayuka miezi kadhaa. Liston hakuinuka kwenye kigoda chake raundi ya 7 ilipoitwa.

Miaka 10 baadaye, Oktoba 30, 1974, alirudia somo hilo hapa Afrika, mjini Kinshasa. Alimchokoza George Foreman kwa maneno kabla ya pambano na ndani ya pambano, akajiegemeza kwenye kamba huku Foreman akichoka kwa kurusha makonde mazito, kisha akamwangusha raundi ya 8.

Kwa hiyo ukiwa stejini, usimkatae bondia kwa sababu ya mdomo peke yake. Mwenye fahali wa kupigana kule Malinya au Khayega humwimbia fahali wake usiku kucha, ngoma za isukuti zikilia, akimtaja kama ameshawashinda mafahali wa dunia nzima. Hakuna anayemwambia mwenye fahali anyamaze. Watu husubiri asubuhi, pembe zikutane. Bondia naye apewe ruhusa hiyo: aimbe, nasi tusubiri kengele.

3. Ukitaja ushindi wake, taja na kipigo chake

Hapa ndipo ubishi wa Navakholo hukwama, kwa sababu kila kambi huja na nusu ya ushahidi. Mashabiki wa Mandonga hukumbuka usiku wa KICC, alipomshinda Wanyonyi kwa TKO na waliomwita mchekeshaji wakakosa la kusema. Wapinzani wake hukumbuka Julai 2022 mjini Songea, alipotamba hadi kengele ilipolia, kisha akapigwa kwa TKO na Shaban Kaoneka. Hukumbuka pia pambano la marudiano na Wanyonyi katika ukumbi wa Sarit, Nairobi, Julai 22, 2023, ambapo majaji wote walimpa Wanyonyi ushindi wa pointi.

Yote hayo yalitokea. Kwa hiyo sheria ya steji iwe hii: anayetaja KICC ataje na Sarit, anayetaja Songea ataje na KICC. Mkiifuata sheria hii mtagundua kitu. Bondia anayejigamba hupimwa kwa kipimo kikali kuliko wenzake. Mnyamavu akipigwa, watu husema amepoteza pambano. Mwenye mdomo akipigwa, watu husema alikuwa mwongo. Lakini kushindwa siyo uongo. Mtu aliyesema atashinda kisha akaingia ulingoni na kujaribu, ametimiza sehemu ya ahadi iliyo mikononi mwake. Ile nyingine imo mikononi mwa mpinzani.

4. Jifunze kuhesabu pointi kabla ya kumtukana jaji

Hatua hii ingepunguza nusu ya kelele zote. Pambano lisipomalizika kwa mtu kuangushwa au kusimamishwa, huamuliwa na majaji 3. Kila raundi kwa kawaida ni dakika 3, ikifuatwa na mapumziko ya dakika 1, na kila raundi huhesabiwa peke yake. Aliyeshinda raundi hupata 10, aliyeshindwa kwa kawaida 9. Ukiangushwa mara moja, mara nyingi unaondoka na 8. Majaji huangalia ngumi zilizotua safi, mashambulizi yenye faida, ulinzi, na nani anauendesha ulingo.

Maana yake ni kwamba bondia anaweza kukimbizwa raundi nzima na bado akaishinda, kama anayemkimbiza anapiga glavu na hewa. Na bondia aliyetokwa na damu raundi ya 9 anaweza kuwa alishajikusanyia ushindi wake raundi 6 za mwanzo. Katika banda la video, ukumbi ukitetemeka na jenereta ikinguruma nje, ni rahisi kudhani kwamba ngumi iliyoshangiliwa ndiyo iliyotua.

Dawa ni kalamu. Ng'oa karatasi kwenye daftari la mtoto, kwa ruhusa yake, uchore safu mbili na uandike namba kila kengele inapolia. Usimuulize jirani. Mwisho jumlisha, ndipo ufungue kinywa. Mtu mwenye karatasi yake akisema majaji wamekosea, atasikilizwa hata na wasiokubaliana naye. Asiye na karatasi anaongozwa na kelele za benchi lake.

5. Dau lisizidi kuku

Miwa hukaa shambani mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kukatwa. Halafu kuna kusubiri trekta, kusubiri mizani, na kusubiri malipo ambayo wakulima wa huku wanajua yanavyoweza kuchelewa. Pesa iliyopita njia ndefu namna hiyo haifai kwenda kwa kubofya simu mara 3 saa 5 usiku, kwa sababu bondia fulani amesema mpinzani hatafika raundi ya 4. Yeye analipwa kusema hivyo. Wewe ndiye unayelipia karo.

Dau la heshima ni soda, sahani ya mandazi, au mshindwa kumbeba mshindi kwa bodaboda bure hadi Nambacha. Kukiwa na joto sana, kuku mmoja. Kikizidi hicho, ubishi unageuka biashara, na ukishageuka biashara hakuna tena anayesema ukweli kuhusu bondia. Kila mtu anatetea pesa yake.

6. Mzee akianza kusimulia, zima simu

Kila kijiji kina mzee ambaye kwake ndondi ziliisha zamani. Vijana humkwepa kwa sababu anakatiza video. Usimkwepe. Mwambie, "Mzee, tueleze," na umpe nafasi kwenye benchi.

Atakueleza kwamba Kenya iliwahi kuogopwa ulingoni. Philip Waruinge alipata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na akatuzwa kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote wa mashindano hayo; mwaka 1972 mjini Munich akaongeza fedha. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 mjini Belgrade. Na mwaka 1988 mjini Seoul, Robert Napunyi Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika ndondi.

Jina la Wangila nalo ni jina la huku kwetu, na hapo mzee ataongeza sauti. Mwache aongeze. Kijana anayejua tu mabondia wa miaka 3 iliyopita hawezi kupima majigambo ya mtu yeyote, maana hajui yanalinganishwa na nini. Lakini msikilize mzee mpaka mwisho wa habari ya Wangila, kwa sababu inaishia kwenye hatua inayofuata.

7. Refa akisimamisha pambano, usizomee

Baada ya Seoul, Wangila aliingia ndondi za kulipwa na kuhamia Marekani. Julai 22, 1994, alipambana na David Gonzales mjini Las Vegas. Raundi ya 9 refa aliona amepigwa vya kutosha, akasimamisha. Wangila alilalamika kwamba bado anaweza kuendelea, na watazamaji nao hawakufurahia. Alitoka ulingoni kwa miguu yake. Katika chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Alikuwa na umri wa miaka 20 na kitu.

Kumbuka kisa hicho kila unapojisikia kupiga kelele kwamba refa ameingilia mapema. Bondia hawezi kuyapima majeraha ya ubongo wake mwenyewe akiwa katikati ya pambano. Kazi hiyo ni ya refa, daktari na kona yake. Na bondia mwenye mdomo yuko hatarini kuliko wengine, kwa kuwa ameshatangaza kwamba haanguki, na umati unaomchukia umelipa ili umwone akianguka. Aibu humzuia kukaa chini hata pale mwili unapomwomba.

Ndiyo maana Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania ilipomsimamisha Mandonga kwa muda baada ya kipigo cha Sarit ili afya yake ichunguzwe, ilistahili pongezi, hata kutoka kwa wale waliotaka burudani iendelee wiki inayofuata. Tumemwona pia Conjestina Achieng wa Gem, Siaya, aliyewafungulia njia mabondia wanawake wa Kenya, akihangaika na ugonjwa wa akili kwa miaka mingi huku wengi waliomshangilia wakiwa wameshatawanyika. Shabiki anadaiwa zaidi ya makofi. Anadaiwa kumtakia bondia, awe wa kwake au wa kambi ile nyingine, arudi nyumbani akiwa na akili zake timamu na amtambue mama yake mlangoni.

8. Matokeo yakitoka, lipa na endelea

Ukishindwa, lipa dau lako siku hiyohiyo. Usitafute sababu kwenye viatu vya bondia, chakula cha hotelini au jaji aliyekuwa anasinzia, isipokuwa kama karatasi yako ya pointi inakuunga mkono. Ukishinda, shangilia jioni moja. Kesho yake salimia watu wote, "mulembe," kama kawaida, na usimfuate aliyeshindwa hadi dukani anaponunua sukari.

Kisha mfanye jambo moja la ziada. Katika soko letu hakosekani kijana anayeruka kamba nyuma ya nyumba na kurushia gunia la mchanga makonde akiwa mikono mitupu. Steji inayoweza kuchangia kuku wa madau inaweza kuchangia jozi ya glavu, kifaa cha kukinga meno, na nauli ya kumfikisha kwa mwalimu anayejua kazi mjini Kakamega. Mchangieni. Akianza kujigamba kabla hajapigana hata mara moja, mwacheni ajigambe, na mgawanyike kambi mbili kwa ajili yake kama mnavyogawanyika kwa ajili ya watu wa mbali.