Muswada Umelazwa, Nani Analipia Kitanda?

Kwa: Waheshimiwa wa Wizara ya Afya, Kampala
Kutoka: Nakivale, Isingiro
Yah: Pongezi kwa kutuachia tupatane bei wenyewe

Waheshimiwa,

Tangu 2001 matibabu katika hospitali za serikali ni bure, na bure hiyo tumeifaidi. Daktari hukupima bure, hukuandikia dawa bure, na karatasi ya kwenda nayo duka la dawa ng'ambo ya barabara hupewa bure. Kinacholipiwa ni dawa tu, na glavu, na kanyula.

Aliyezidiwa hukimbilia hospitali binafsi mjini Mbarara. Huko salamu ya kaunta ni moja: "Bima au keshi?" Mimi niliombwa kadi, nikatoa niliyonayo, ya ukimbizi. Dada wa kaunta akaigeuza huku na huku akitafuta jina la kampuni, akakuta nembo ya Serikali ya Uganda. Akanirudishia kwa heshima zote: "Lipa depoziti kwanza, baba."

Mwenye bima hana shida. Kampuni yake ilishakaa na hospitali wakapatana bei ya kitanda na ya upasuaji, yeye angali mzima anakula muchomo. Sisi wa keshi tunapatana siku ya kuugua, tena tumelala kwenye machela. Sokoni Besikampu, hapa Nakivale, ukitajiwa bei mbaya ya nyanya unahamia meza ya pili. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa ahamie wapi?

Hata hivyo hatuwasingizii ubaguzi. Uganda inasifiwa duniani kwa kumhudumia mkimbizi sawa na mwenyeji, na sifa hiyo ni haki yenu: mkimbizi wa hapa Juru na mkulima jirani yake, wote hawana bima.

Bunge lilipitisha Muswada wa Bima ya Afya ya Taifa tarehe 31 Machi 2021. Rais hakuusaini, na tangu hapo umelazwa. Rwanda wana mituweli, bima yao ya afya, siku nyingi. Tanzania wametunga sheria ya bima kwa wote 2023. Sisi hatuna haraka, foleni tumeizoea. Tunauliza tu: kitanda cha muswada huo kinalipiwa kwa bima au kwa keshi? Kama ni keshi, uhamishieni hospitali binafsi. Kule asiye na depoziti haachwi alale. Ataamshwa siku hiyo hiyo.

Wenu mtiifu,
Mgonjwa wa Keshi